Dirisha Lisilopiga Hodi: Barua ya Wazi kwa Wanaosimamia Medicare

Kwa waheshimiwa wa Kongresi ya Marekani, kwa Msimamizi wa Medicare, na kwa Kamishna wa Social Security, idara ya pensheni ya serikali.

Naandika kwa Kiswahili, na nimekusudia. Mkitaka kujua nimesema nini, itawabidi mtafute mtu wa kuwasomea, mketi naye mezani, mmwamini kwamba hakuruka mstari. Hivyo ndivyo barua zenu zinavyosomwa kwenye majengo tunayoishi. Bahasha inafika asubuhi, inawekwa juu ya friji, inangoja mtoto atoke kazini au jirani mwenye Kiingereza apite.

Jirani huyo mara nyingi ni mimi. Ni mzaliwa wa Tanga, naendesha basi la shule hapa Des Moines, Iowa, na kati ya zamu ya asubuhi na ya mchana nina saa nne za kwangu. Wazee wameshazijua saa hizo. Wengi ni Wakongomani wa Kivu ya Kusini na Warundi waliopitia kambi za Kigoma. Wamo waliokaa Nyarugusu miaka kumi na zaidi kabla ya kupanda ndege kuja huku. Nimewasomea barua za shule, za umeme, za faini ya kuegesha gari vibaya. Zote humwambia mtu anadaiwa nini na mwisho lini. Za Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wenye miaka 65 na zaidi, nilianza kuzisoma baada ya kosa kutendeka, maana kabla ya kosa hapakuwa na barua.

Nianze na tarehe. Kuna mzee mmoja, nitamwita Mzee tu, ambaye nyumba yake ina watu sita na siku moja ya kuzaliwa. Vitambulisho vyao vyote vinasema Januari 1. Hawakuwa na vyeti; kambini waliulizwa mwaka, wakakisia, siku na mwezi vikajazwa na aliyeshika kalamu. Mzee mwenyewe anachojua ni kwamba alizaliwa wakati wa kupanda maharage. Kwa hiyo kila mwaka mpya mkewe anaoka keki moja kubwa, wanaiimbia mara sita, na mjukuu mdogo anakasirika kwamba ya kwake haina mshumaa wa peke yake. Familia za namna hii ni nyingi katika nchi hii. Ukiingia kwenye ibada yoyote ya Kiswahili ukauliza nani kazaliwa Januari 1, nusu ya ukumbi itanyoosha mkono.

Sasa chukueni sheria yenu muisome mkiwa mmekaa na watu hao. Dirisha la kwanza la kujiandikisha Medicare lina miezi saba: mitatu kabla ya mwezi mtu anaotimiza miaka 65, mwezi wenyewe, na mitatu baada yake. Aliyezaliwa siku ya kwanza ya mwezi huhesabiwa kuwa ametimiza mwezi uliotangulia. Basi mtu wa Januari 1 dirisha lake linafunguka Septemba na kufungwa Machi 31. Akilikosa, anaambiwa angoje dirisha la jumla la kila mwaka, nalo ni Januari 1 hadi Machi 31. Kwa watu wa Januari 1, madirisha yote mawili yanafungwa usiku mmoja. Anayeamka Aprili 1 na kuuliza, ana miezi tisa ya kukaa nje.

Sisi neno "dirisha la usajili" tunalijua kutoka kwenye mpira. Likifunguliwa la Simba na Yanga, hata asiyependa mpira atajua, maana redio, vijiwe na madereva wa daladala hawana habari nyingine. Dirisha dogo nalo lina kelele zake. Siku ya mwisho watu wanakesha. Lenu linafunguliwa na kufungwa kimya, na mchezaji mwenyewe hajui kwamba anasajiliwa.

Mzee alitimiza 65 mwisho wa mwaka 2020. Alikuwa bado kazini, kiwanda cha nyama nje ya mji, zamu ya usiku, kwenye chumba cha baridi, kisu mkononi. Alikuwa na bima ya kazini, na kiwanda kina wafanyakazi mamia, kwa hiyo sheria ilimruhusu kuiacha Sehemu B ya Medicare, ile ya madaktari na vipimo, hadi siku atakapoacha kazi. Hapo hakukosea chochote. Agosti 2022 bega lilikataa, kazi ikaisha. Mwajiri akampa bahasha nene. Ndani yake kulikuwa na COBRA, yaani ruhusa ya kubaki kwenye bima ya kiwanda kwa miezi 18 kwa kulipa mwenyewe gharama yote, fungu lako na fungu alilokuwa akilipa mwajiri, na hadi asilimia 2 juu yake.

Alikubali. Aliona ni uungwana kukubali: bima ni ileile, kadi ni ileile, daktari ni yuleyule. Kila mwezi alikuja na mani oda aliyoinunua dukani tuijaze pamoja, na kila mara alinipokonya kalamu kwenye kutia sahihi, akaibonyeza mpaka jina likachora kitambaa cha meza. Sehemu ya pesa hizo ilikuwa akiba, nyingine mshahara wa mkewe. Mkewe anatunza wazee majumbani, wazee wa watu wengine, wenye kadi za Medicare pochini. Yeye mwenyewe kazi hiyo haimpi bima.

Kumbe saa ilikuwa inakwenda. Mtu akiacha kazi, mnampa miezi minane ya kujiandikisha Sehemu B bila adhabu, na miezi hiyo huanza kuhesabiwa kazi inapokoma au bima ya kazi inapokoma, lolote litakalotangulia. COBRA, kwa macho ya Medicare, si bima ya kazi. Kwa hiyo miezi minane ya Mzee ilianza Septemba 2022 ikaisha Aprili 2023, akiwa analipa, akiwa na kadi inayofanya kazi, akiwa na stakabadhi nane kwenye kopo la biskuti. Tena bima ya COBRA inayo haki ya kukataa kulipa fungu ambalo Medicare ingelilipa kama mtu angejiandikisha. Analipia nyumba nzima, anaruhusiwa kulala barazani.

Aprili 2024 alinijia na barua ya mwisho ya COBRA. Alikuwa na furaha, naikumbuka. Alisema sasa anakwenda kuchukua "ile ya wazee."

Sehemu A, ya hospitali, alipewa bila shida. Alikuwa na miaka 13 ya kazi, na sheria inataka 10. Hiyo inaweza hata kurudishwa nyuma hadi miezi sita. Sehemu B ikawa ni Januari ijayo, ianze kufanya kazi Februari 1, 2025. Kadi ya Medicare ina mstari wa A na mstari wa B, kila mmoja na tarehe yake. Ya kwake ilikuja na mstari mmoja. Aliigeuza akatazama nyuma, akidhani labda mwingine umechapwa huko.

Bima za sokoni, zile mtu anazojinunulia mwenyewe kwa ruzuku ya serikali, hazikumfaa, kwa sababu mwenye Sehemu A ya bure hapati ruzuku hiyo. Yaani mstari mmoja aliopewa ndio uliomfungia mlango wa pili. Miezi ile hakumwona daktari. Vidonge vya presha alivikata nusu kwa kisu cha jikoni ili vifike. Nilimtazama akivikata. Mtu aliyekata nyama miaka 13 anagawa kidonge sawasawa, hakuna unga unaobaki.

Halafu faini. Kwa kila miezi 12 kamili ambayo mtu angeweza kuwa na Sehemu B asiwe nayo, mnaongeza asilimia 10 kwenye ada yake, na nyongeza hiyo haikomi mpaka afe. Mzee alihesabiwa miaka miwili, asilimia 20. Mwaka 2025 ada ya kawaida ilikuwa dola 185, yeye akalipa 222. Mwaka huu wa 2026 ada imekuwa dola 202.90, na faini yake imepanda nayo, imevuka dola 40 kwa mwezi. Faini inayozaa. Ada ikiongezwa, na adhabu ya kosa la mwaka 2023 inaongezwa.

Aliniuliza kwa Kiswahili chake cha Kivu: "Minalipaka kila mwezi. Kosa yangu njo gani, mutoto yangu?" Sikuwa na jibu, na ndiyo maana nawaandikia ninyi.

Najua faini iliwekwa kwa nini, na sababu yenyewe si mbaya. Mkiruhusu watu wakae nje wakiwa wazima, waingie siku wanayougua, mfuko utabaki na wagonjwa tu na ada itawashinda wote. Bima yoyote ni mchango wa msiba: anayetaka kuzikwa na wenzake huchanga kabla hajafiwa. Hilo mtu wa kwetu hahitaji kufafanuliwa. Lakini Mzee hakukwepa mchango. Mwaka 2023 Sehemu B ilikuwa dola 164.90 kwa mwezi, na yeye alikuwa anatoa mara kadhaa ya hizo kwenye COBRA. Hakuna mjanja anayejificha kwa kulipa zaidi. Faini iliyotungwa kwa ajili ya mkwepaji imemkamata mlipaji, na mashine yenu haina jicho la kuwatofautisha.

Kuna kingine kwenye sheria hiyohiyo ambacho kimenisumbua zaidi kadiri ninavyokisoma. Wale wanaonunua Sehemu A kwa sababu hawakutimiza miaka ya kazi nao hutozwa faini wakichelewa, asilimia 10, ila hiyo ina mwisho: mtu huilipa kwa muda wa mara mbili ya miaka aliyochelewa, kisha anaachiwa. Aliyechelewa miaka miwili analipa miaka minne. Kwa hiyo mnajua adhabu yenye kikomo inaandikwaje. Mmeshaiandika. Kwa nini ya Sehemu B iwe ya kufa nayo?

Nataka niwe mkweli kuhusu ile bahasha nene. Mwaka 2020 Wizara ya Kazi ilitoa kielelezo kipya cha tangazo la COBRA, chenye maelezo kuhusu Medicare na ile miezi minane, na katika bahasha ya Mzee maelezo hayo yalikuwemo. Nimeyaona kwa macho yangu, baadaye sana. Yako katikati ya kurasa, kati ya maelezo ya nani ni mtegemezi na anwani za kutuma malipo, kwa Kiingereza ambacho mimi niliyefaulu mtihani wa uraia nilikirudia mara tatu. Mwajiri hakudanganya. Na hilo ndilo lililommaliza Mzee, kwa sababu tangu 2023 mmefungua mlango wa dharura kwa mtu aliyepotoshwa na mwajiri au na bima yake, na yeye hakuwa na neno la uongo la kuwaonyesha. Alikuwa na ukimya, na aya moja.

Mtaniambia: mbona mamilioni wanaingia Medicare bila tabu? Ndiyo, wale ambao tayari wanapokea pensheni ya Social Security kwa miezi minne au zaidi kabla ya kutimiza 65. Hao kadi huwafuata nyumbani kwa posta. Mpango huo ulikuwa na maana zamani, pensheni kamili na Medicare zilipokuwa zote za miaka 65: mlango mmoja, ufunguo mmoja. Mwaka 1983 Bunge likaamua umri wa pensheni kamili upande kidogokidogo. Waliozaliwa 1960 na baadaye sasa ni miaka 67. Medicare ikabaki 65. Hivyo mtu anayefanya kama mlivyomtaka, akaendelea na kazi, akangoja pensheni yake ikamilike, ndiye asiyefuatwa na kadi. Na sheria haiwalazimishi kumpelekea barua yake mwenyewe inayosema: fulani, dirisha lako linafunguka mwezi huu, linafungwa mwezi huu, ukilikosa utatozwa hivi. Mnayo tarehe yake ya kuzaliwa, hata kama ni ya kukisiwa kambini. Mnajua anakokaa. Mnajua kila robo mwaka aliyofanya kazi.

Sikatai kwamba mmewahi kurekebisha. Sheria iliyosainiwa Desemba 2020 iliondoa jambo la ajabu kabisa: zamani aliyejiandikisha kati ya Januari na Machi aliambiwa bima itaanza Julai. Tangu 2023 inaanza mwezi unaofuata. Mzee amefaidika na hilo, ahsanteni. Lakini katika mapendekezo yaleyale yaliyozaa marekebisho hayo palikuwa na kipengele cha taarifa kwa mtu anayekaribia miaka 65, nacho kikaachwa mezani.

Na msiniambie haiwezekani, maana mmeshafanya. Rais Johnson alisaini Medicare Julai 30, 1965, kule Independence, Missouri, na ilipangwa ianze Julai 1, 1966. Katikati ya hapo palikuwa na dirisha la kwanza kabisa la kujiandikisha kwenye Sehemu B. Serikali ya wakati huo haikukaa ofisini ikingoja. Iliwaajiri wazee wenyewe wakapita nyumba kwa nyumba, mitaani na mashambani, wakiwatafuta wenzao waliokuwa hawajajibu. Hata walinzi wa misitu walitumwa kuwatafuta wazee wanaoishi porini. Na mwisho ulipofika, Machi 31, 1966, ikaonekana wapo waliobaki nje, Bunge likaongeza muda hadi Mei 31. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu ndani ya basi tupu. Dirisha la kwanza lilipiga hodi. Lilipiga mara ya pili.

Sasa nieleze la mama yangu, kwa sababu linaonyesha upande mwingine wa jambo hili, na kwa sababu karibu nimkoseshe dirisha lake mimi mwenyewe. Mama alikuja kwa kadi ya kijani, ile ya ukazi wa kudumu, Oktoba 2019, akiwa na miaka 69. Kwao Tanga, kwenye hospitali ya serikali, alikuwa na dirisha la aina nyingine, dirisha la wazee: tundu kwenye ukuta lenye maandishi juu yake, unakwenda na kitambulisho, hupangi foleni na vijana. Dawa mara nyingi hazipo, tusidanganyane. Lakini dirisha lenyewe linaonekana, liko palepale mwaka mzima, na mzee asiyejua kusoma anaonyeshwa kwa kidole.

Huku vipeperushi vyote nilivyomsomea vilizungumzia miaka 65, miaka 65. Nikahitimisha kwamba mama alishapitwa kabla hajapanda ndege. Nilikuwa nimekosea. Mkazi wa kudumu ambaye hajafanya kazi hapa, wala mume wake, hana haki ya kujiandikisha mpaka akae nchini miaka mitano mfululizo, na dirisha lake la miezi saba huzunguka mwezi anaotimiza miaka hiyo mitano. Miaka 65 haina kazi hapo. La mama lilifunguka Julai 2024 na kufungwa Januari 2025. Nilijua Agosti, kwa sababu Aprili ile ya Mzee ilinifanya niketi na kanuni zenu usiku hadi usiku. Jirani yangu angekuwa na afya njema, mama yangu angekosa bima. Huo ndio utaratibu wa taarifa tulionao.

Hesabu yenyewe nayo si ya mchezo. Mwaka 2025, asiye na miaka ya kazi ya kutosha alitakiwa dola 518 kwa mwezi kwa Sehemu A na 185 kwa Sehemu B, jumla 703. Mama aliuliza hizo ni shilingi ngapi, nikamwambia asiulize. Tulichukua B peke yake. Akilazwa, tutajua mbele ya safari.

Kuna misaada ya majimbo inayolipia ada kwa wenye kipato kidogo, na naisifu bila kinyongo: anayekubaliwa humo faini ya B inafutika na suala la dirisha linakwisha. Wazee wanne nimewasindikiza wakaipata. Mzee na mkewe walizidi kipimo kwa pesa isiyofika gunia la mchele. Na kila jimbo lina washauri wa bure wa Medicare, watu wema, wanaojua kazi yao. Wao pia hungoja upige simu, na ili upige simu lazima ujue kwamba kuna jambo la kuuliza.

Limebaki moja, nalo ndilo lililonifanya niache kulalamika jikoni nikaandika. Sheria mliyoipitisha, ikasainiwa Julai 4, 2025, imewaondoa kwenye Medicare wakimbizi na waliopewa hifadhi ambao bado hawana kadi ya kijani, hata kama wamefanya kazi na kukatwa kodi ya Medicare kwenye kila hundi. Waliokuwa tayari ndani wamepewa miezi 18, yaani hadi Januari 2027. Uamuzi huo kwangu ni dhuluma, lakini leo sibishani nao. Nawaonyesha jinsi ulivyoandikwa. Sheria inamtaka Kamishna wa Social Security awatafute watu hao mmoja mmoja ndani ya mwaka, kisha awajulishe, na inaongeza kwamba ajulishwe kila mmoja kwa namna itakayohakikisha ameielewa taarifa hiyo.

Ameielewa. Neno hilo limo kwenye sheria ya kumtoa mtu. Mmemtafuta kwa jina, mmemhesabia siku, mmetaka hata aelewe. Kumbe uwezo upo: orodha ipo, posta ipo, na hata wazo kwamba mtu anaweza kupokea karatasi asiielewe, mnalo.

Basi maneno yaleyale myahamishie mlangoni pa kuingilia. Kila mtu anayekaribia miaka 65 ambaye hajaanza pensheni, na kila mkazi anayekaribia miaka mitano, apelekewe barua ya ukurasa mmoja, kwa lugha aliyosema anaitumia, yenye miezi miwili tu iliyoandikwa kwa herufi kubwa: wa kufunguliwa na wa kufungwa. Asipojibu, apelekewe ya pili, kama ilivyokuwa 1966. Na ambaye ninyi wenyewe hamwezi kuonyesha kwamba mlimjulisha, asitozwe faini. Mzigo wa ushahidi uwe kwenu wenye kompyuta, si kwake mwenye kopo la biskuti. Miezi ambayo mtu alilipia COBRA isihesabiwe kuwa alikuwa nje. Na faini ya B ipewe kikomo cha mara mbili, kama ya A. Hilo la mwisho halihitaji hata mtu wa kulibuni. Ni kunakili kifungu kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine.

Kwa Mzee, nimeshamwambia asitegemee. Amekubali, kwa namna wazee wanavyokubali mambo: alinyamaza, akaniongezea chai. Sehemu B yake inafanya kazi sasa, daktari amembadilishia dozi, na kisu kimerudi kwenye vitunguu.

Mkewe ndiye anayefuata. Kitambulisho kinasema atatimiza miaka 65 Januari 1, 2027. Kwa hesabu zenu dirisha lake linafunguka Septemba mwaka huu na kufungwa Machi 31. Tumelizungushia duara jekundu kwenye kalenda ya kanisa iliyoko ukutani, juu ya jiko, na kwa kuwa kalenda inaishia Desemba, miezi mitatu iliyobaki nimeiandika kwa kalamu ukutani penyewe. Mwenye nyumba atatudai rangi. Barua yenu ikifika kabla ya Septemba, iwekeni kwa Kiswahili mke wa Mzee ajisomee mwenyewe. Anajua kusoma, alifundisha darasa la kwanza Uvira.

Dereva wa basi la shule,
Des Moines, Iowa.